Wi-Fi ya wageni: njia nne za kuitenga na mtandao wa nyumbani

Mgeni hajakaa vizuri, swali limeshafika: "Nenosiri la Wi-Fi ni lipi?" Ukimpa lile mnalotumia nyumbani, umempa intaneti, na umempa pia vitu ambavyo hakuviomba. Simu yake sasa iko kwenye mtandao mmoja na printa, televisheni, kamera ya mlangoni, diski yenye picha za familia na hata ukurasa wa kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Mgeni mwenyewe unamjua. Simu yake huijui: imebeba programu gani, ilisasishwa lini mara ya mwisho, imepita kwenye Wi-Fi ngapi za watu kabla ya kufika kwako.

Nenosiri nalo lina miguu. Simu za Android tangu toleo la 10 zinaweza kuonyesha msimbo wa QR wa mtandao uliohifadhiwa, na mtu wa pembeni akauskani bila kukuuliza. iPhone tangu iOS 11 inaweza kumpa nenosiri rafiki aliye karibu kwa kugusa kitufe kimoja. Ulimpa mmoja, baada ya mwaka hujui wanalo wangapi.

Mimi nilizinduliwa na printa. Usiku wa manane ilianza kutoa karatasi, kurasa kumi na moja za tiketi pamoja na masharti yake yote, kumbe mpwa wangu aliyekuwa chumba cha pili alibonyeza akidhani anahifadhi faili. Tulicheka sana. Nilipolala tena nikabaki na swali: kama simu ya mtoto imeiona printa bila hata kuitafuta, imeona na nini kingine?

Njia za kumpa mgeni intaneti bila kumfungulia nyumba nzima ni nyingi, lakini kwa mtu wa kawaida zinajumlika kuwa nne: kipengele cha mtandao wa wageni kilichomo ndani ya ruta, ruta ya pili, VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa kwa mipangilio), na laini tofauti kabisa ya intaneti. Nimeishi na zote nne kwa nyakati tofauti. Kila moja ina watu wake.

Tunazipima kwa nini

Cha kwanza ni ukuta kati ya mgeni na nyumba. Je, simu ya mgeni inaweza kufikia kompyuta, printa au ukurasa wa ruta? Hiki ndicho kigezo mama.

Cha pili husahaulika: ukuta kati ya mgeni na mgeni mwenzake. Ukiwa na wageni wanne wasiojuana, si haki simu ya mmoja ichungulie laptopu ya mwingine kwa sababu tu wote wamelala kwako.

Cha tatu ni vifaa na gharama. Cha nne ni kazi, na hapa nahesabu siku ya kuweka pamoja na miezi inayofuata, kwa sababu mtandao unaohitaji fundi kila ruta inapozimika umeme una bei yake. Cha tano ni kile mnachopoteza: kurusha video kwenye televisheni, kuchapisha, michezo ya mtandaoni na kadhalika.

Kasi sikuiweka kati ya vigezo. Njia tatu za kwanza zinagawana laini ileile, kwa hiyo kasi inategemea zaidi laini yenyewe na kama ruta yako inaweza kuwawekea wageni kikomo.

Njia ya kwanza: mtandao wa wageni ndani ya ruta uliyonayo

Ruta nyingi za miaka ya karibuni zina kipengele hiki kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Ukikiwasha, ruta inatangaza jina la pili la mtandao, lenye nenosiri lake, na kukataa maombi yanayotoka upande huo kwenda kwenye vifaa vya nyumbani.

Ukuta wa kwanza kwa kawaida ni mzuri, ila unategemea aliyetengeneza ruta alivyoujenga. Ziko ruta zenye kisanduku cha kuruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani. Kikiwa na alama ya vema, umeandika majina mawili kwenye mlango mmoja. Nyingine humzuia mgeni asifike kwenye kompyuta zako lakini humwachia ukurasa wa ruta wazi. Mtego mkubwa zaidi ni huu: kama umenunua ruta nzuri ukaichomeka kwenye kile kisanduku cha mtoa huduma, kisha ukaiweka ifanye kazi ya kusambaza Wi-Fi tu huku kisanduku ndicho kinachogawa anwani, ukuta mara nyingi huanguka. Ruta isiyoelekeza safari za data haina namna nzuri ya kuamua nani aende wapi. Baadhi hukizima kipengele chenyewe ukiibadilisha hali, na hizo ndizo zenye ukweli. Nyingine hukiacha kikionekana kama kinafanya kazi.

Ukuta wa pili huwa na mpangilio wake, mara nyingi wenye maneno kama "tenga vifaa". Kwenye baadhi ya ruta umewashwa tayari, kwenye nyingine hapana. Na ukiwa na visambazaji viwili au vitatu ndani ya nyumba, utengano wakati mwingine hufanya kazi ndani ya kisambazaji kimoja tu: wageni wa ghorofani na wa chini wakaweza kuonana kupitia kebo.

Vifaa: hakuna cha kununua. Kazi: dakika kumi, ukitumia muda mwingi zaidi kutafuta nenosiri la ruta kuliko kuweka mtandao wenyewe. Matunzo ni kusasisha programu ya ruta, na kukumbuka kwamba ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, mtandao wa wageni nao umekwenda.

Mnachopoteza: mgeni hataona televisheni wala printa, na baadhi ya ruta humpa mgeni bendi ya gigahezi 2.4 peke yake, ambayo huwa na msongamano wa majirani. Tena kipengele hiki kwa kawaida kinalinda hewa, si waya. Mgeni akichomeka kebo ya laptopu kwenye tundu la nyuma ya ruta, yuko chumbani.

Inamfaa mwenye wageni wa kawaida, asiyetaka kuwa fundi, na ambaye ruta yake ndiyo inayounganisha nyumba na intaneti moja kwa moja.

Njia ya pili: ruta ya pili

Karibu kila nyumba ina ruta ya zamani kwenye droo. Wazo linakuja lenyewe: hii iwe ya wageni, ile mpya ibaki ya nyumbani. Wazo ni zuri, lakini wengi huliweka kinyume, nami nikiwa mmojawapo.

Nilichofanya ni kuchomeka ruta ya zamani nyuma ya ile ya nyumbani, nikaipa jina jipya na nenosiri jipya, nikajisifu kwa miezi. Siku moja, nikiwa nimeunganishwa upande wa wageni kwa bahati tu, nikaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Ukafunguka ukurasa wa ruta yangu ya nyumbani, ukiniuliza nenosiri kwa adabu. Nikajaribu anwani ya printa. Ikafunguka nayo.

Sababu ni hii. Ruta ya nyumbani huzuia yanayotoka nje yasiingie ndani bila kuitwa, lakini haizuii yaliyo ndani kutoka. Mgeni aliye nyuma ya ruta ya pili, kwake yeye kila kilicho upande wa pili wa ruta hiyo ni "nje", na nje hiyo inaanza na mtandao wako wa nyumbani kabla ya kufika kwenye intaneti. Niliwajengea wageni chumba cha ndani ambacho njia yake ya kutokea inapita katikati ya chumba changu cha kulala.

Mpangilio unaofaa ni wa kugeuza: wageni waunganishwe kwenye ruta ya nje, ile iliyo karibu na laini, na nyumba ikae nyuma ya ruta ya ndani. Hapo mgeni akijaribu kuingia anagonga mlango wa ruta ya ndani na kuachwa hapohapo.

Hata hivyo, mpangilio huo una ufa wake. Data zote za nyumbani sasa zinapita katika mtaa wanaoishi wageni kabla ya kutoka. Kifaa kiovu kilicho upande wa wageni kinaweza kujifanya ndicho lango la kutokea na kuzivuta safari hizo zipitie kwake, na mtu akiishika ruta ya nje anaweza kuwaelekeza watu wa nyumbani kwenye tovuti za uongo. Tovuti zenye usimbaji zinapunguza sana madhara, ila ufa upo. Wanaotaka kuuziba hutumia ruta tatu: moja ya nje isiyounganishwa na kifaa chochote isipokuwa ruta mbili, moja ya nyumbani na moja ya wageni. Wageni hawakutani na nyumba, na nyumba haipiti kwa wageni. Mgeni bado anaweza kufika kwenye ukurasa wa ile ruta ya nje, kwa hiyo nenosiri lake la msimamizi lazima liwe gumu.

Jambo moja dogo linalowakwamisha wengi: kila ruta iwe na safu yake ya anwani. Ruta mbili zote zikitumia 192.168.1, ya ndani haitajua anwani ni ya upande gani na intaneti itakataa. Badilisha moja iwe 192.168.50, mambo yatakwenda.

Ukuta wa pili, wa mgeni na mgeni, unategemea kama ruta ya wageni ina mpangilio wa kutenga vifaa. Za zamani nyingi hazina.

Vifaa: ruta uliyonayo, kebo, na soketi ya ziada ya umeme. Inaonekana bure, lakini iangalie hiyo ruta ya droo. Kama mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho, umeweka mlangoni bawabu asiyesikia. Ruta kadhaa za zamani zinaweza kuwekewa OpenWrt, programu huria inayoendelea kusasishwa, ikiwa huogopi kujaribu na unahakikisha kwanza kwamba modeli yako inaungwa mkono.

Kazi ya kuweka ni saa moja au mbili. Baada ya hapo ni sanduku mbili au tatu za kusasisha, na umeme ukikatika zinataka kuamka kwa mpangilio.

Mnachopoteza ni kwa upande wa nyumbani zaidi. Kuwa nyuma ya ruta mbili kunamaanisha anwani zinabadilishwa mara mbili, na hilo huchanganya michezo ya mtandaoni, kamera unazotaka kuzitazama ukiwa safarini, na chochote kinachohitaji kufunguliwa mlango kutoka nje.

Inamfaa mtu ambaye ruta ya mtoa huduma haina kipengele cha wageni, au ina lakini mipangilio imefungwa. Inamfaa pia anayependa kuona utengano kwa macho: kebo hii ya huku, ile ya kule.

Njia ya tatu: VLAN

Hapa kifaa kimoja kinafanywa kuwa mitandao kadhaa. Kila pakiti ya data inayopita kwenye kebo hupachikwa lebo yenye namba, na swichi (kisanduku cha kuunganisha kebo za mtandao) inayoelewa lebo hizo haichanganyi za 10 na za 20 hata zikipita kwenye waya mmoja. Kanuni yake ni IEEE 802.1Q, iliyotoka mwaka 1998, na namba zinazoweza kutumika ni 4,094. Kwa nyumba, tatu zinatosha: familia, wageni, na vifaa vya kujiendesha kama taa na kamera.

Watu hudhani VLAN ni ukuta. Si ukuta, ni chaki ya kuchora mipaka. Ruta inayounganisha VLAN mbili, isipoambiwa vinginevyo, mara nyingi itabeba data kutoka moja kwenda nyingine kwa moyo mkunjufu. Ukuta ni sheria za fayawoli, yaani kichujio kinachoamua data ipi ipite na ipi izuiwe, na hapo ndipo uzuri na hatari ya njia hii vinapokaa.

Sheria za wageni zinahitaji mambo matatu kwa mfuatano. Kwanza, waruhusu kuiomba ruta anwani na majina ya tovuti, yaani DHCP na DNS, wasipopata hayo hawana intaneti. Pili, wazuie wasifike kwenye anwani zote za binafsi: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, zilizotengwa kwa matumizi ya ndani. Tatu, ruhusu yaliyobaki, ambayo ni intaneti. Kwenye pfSense na OPNsense, programu huria za ruta na fayawoli, sheria za kawaida husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshika. Ukiweka ya tatu juu ya ya pili, ya pili ni pambo. Halafu iko IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaotumika sambamba na ule wa zamani, IPv4: ukiandika sheria za IPv4 peke yake na laini yako inagawa IPv6, umefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma. Hili nimeliona kwa watu wanaojua kazi yao vizuri kuliko mimi.

Zikiandikwa sawasawa, ukuta wa kwanza wa njia hii ni imara, na ndio pekee unaoweza kuutoboa kwa makusudi. Unaweza kusema: wageni wasione chochote isipokuwa printa ile moja. Ukuta wa pili unawekwa kwenye kisambazaji cha Wi-Fi na, ukiwa na visambazaji vingi, kwenye swichi pia. Hata kebo zinaingia kwenye mpango, maana tundu la ukutani katika chumba cha wageni unaweza kulipa namba ya wageni.

Vifaa: ruta inayoelewa VLAN, swichi inayosimamika, na kisambazaji kinachoweza kutangaza majina kadhaa na kulifunga kila jina na VLAN yake. Swichi ile ya kawaida isiyo na mipangilio haifai. Usitangaze majina mengi ya Wi-Fi kwa sababu tu unaweza. Kila jina hujitangaza hewani takriban mara kumi kwa sekunde, na hewa ni ya kugawana.

Kazi: wikendi nzima kwa anayeanza, na karibu kila mtu hujifungia nje ya swichi yake walau mara moja. Hifadhi nakala ya mipangilio kabla hujagusa kitu. Matunzo si mengi, ila yanamtaka mtu mmoja anayejua. Ukisafiri na Wi-Fi ikakatika, aliyebaki nyumbani atakupigia simu, na utajikuta unaeleza lebo za pakiti kwa mtu anayetaka tu kutazama taarifa ya habari.

Mnachopoteza: televisheni na printa hujitangaza kwa mDNS, njia ya vifaa kujitambulisha ndani ya mtandao mmoja, na tangazo hilo halivuki VLAN. Hata ukifungua mlango wa printa kwenye fayawoli, simu ya mgeni haitaiona kwenye orodha mpaka uweke kirudufishi cha matangazo, kama Avahi. Linafanyika, ni kazi nyingine tu.

Inamfaa anayefanyia kazi nyumbani akiwa na data za watu, mwenye vifaa vingi vya kujiendesha, anayepokea wageni wa kulipa, au mtu anayefurahia mambo haya. Huyo wa mwisho ndiye wengi wetu, tuseme kweli.

Njia ya nne: laini tofauti

Ruta ndogo ya laini ya simu, hotspoti ya simu, au laini ya pili iliyovutwa hadi nyumbani. Wageni wanatumia hiyo, nyumba inatumia yake.

Ukuta wa kwanza hauna mshindani, kwa kuwa hakuna waya unaoshirikiwa. Hakuna sheria ya kukosea. Wa pili ndio dhaifu: ruta ndogo nyingi zina mipangilio michache, kwa hiyo tafuta kama ipo ya kutenga vifaa. Ukitumia simu yako mwenyewe kama hotspoti, kumbuka kwamba simu hiyo ndiyo lango. Umewatenga wageni na nyumba, hukuwatenga na simu yako. Na laptopu iliyochomekwa kebo ya nyumbani huku Wi-Fi yake ikiwa kwa wageni inasimama miguu miwili kwenye mitandao miwili.

Faida moja haipatikani penginepo: nje huko wageni wanaonekana kwa anwani nyingine. Mgeni akifanya jambo linaloifanya anwani iingie kwenye orodha nyeusi, huduma zako za nyumbani haziguswi. Laini yenyewe ingali imesajiliwa kwa jina lako, hilo halikuondoi kwenye lawama.

Gharama ndiyo kisu. Unalipa kila mwezi, na kama ni bando, video moja ya ubora wa HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Kuweka ni rahisi kuliko zote: washa, badilisha nenosiri la kiwandani, basi. Mnachopoteza ni sawa na njia ya kwanza, pamoja na kikomo cha idadi ya vifaa ambacho ruta ndogo huwa nacho.

Inamfaa mwenye wageni wa muda mfupi, au biashara ndogo ya nyumbani isiyotaka kabisa mteja na familia wagusane, au mtu ambaye tayari anataka laini ya akiba kwa siku ambazo ile kuu imekufa.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Usiache mtandao wa wageni bila nenosiri. Kwenye mipangilio ya usalama wa Wi-Fi tumia kanuni ya usimbaji ya WPA3, au WPA2 yenye AES kama simu za wageni ni za zamani. Kwenye WPA2, mtu anayelijua nenosiri na aliyenasa dakika simu nyingine ilipojiunga anaweza kusoma data yake inayopita hewani, isipokuwa ile iliyosimbwa na tovuti yenyewe. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, imeliondoa hilo. Zima WPS, njia ya kujiunga kwa kitufe au namba fupi badala ya nenosiri. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba namba yake ya tarakimu nane huthibitishwa kwa vipande viwili, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuibahatisha.

Nenosiri la Wi-Fi linaweza kuwa na herufi 8 hadi 63. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, tengeneza msimbo wa QR, uchapishe na kuubandika chumba cha wageni. Hutalitaja tena kwa mdomo, na siku ukilibadilisha ni karatasi moja tu ya kubandua.

Na taa, kamera na spika za kujiendesha, ziende kwa wageni? Watu wengi hushauri hivyo, na sababu ipo: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Lakini mtandao wa wageni uliotenga vifaa utazuia simu yako kuongea na taa hizo moja kwa moja, na kamera yako sasa itakaa mtaa mmoja na simu za watu usiowajua. Ukiwa na nafasi ya mtandao wa tatu, zipe wake.

Kisha jaribu. Ingia kwenye Wi-Fi ya wageni kwa simu yako na uandike anwani ya ruta, ya printa, ya diski. Fungua programu ya video utazame kama televisheni inajitokeza. Chukua simu mbili za wageni, sakinisha programu ya kupekua mtandao, uone kama zinaonana. Rudia kila baada ya sasisho kubwa la ruta. Ningefanya hivi siku ya kwanza, ile miezi ya kujisifu isingekuwepo.

Kwa hali yako

Unapata wageni mara mojamoja, na ruta ni ya mtoa huduma yenye kipengele cha wageni: kiwashe leo, kijaribu, usinunue kitu.

Ruta ya mtoa huduma haina kipengele hicho na huruhusiwi kuibadilisha: nunua ruta moja nzuri, iweke nyumba yote nyuma yake, na wageni uwaache kwenye kisanduku cha nje. Kama ndani ya nyumba kuna mchezaji wa michezo ya mtandaoni, uliza kwanza kama mtoa huduma anaweza kukigeuza kisanduku kiwe modemu tupu. Akikubali, ruta yako ndiyo inayoshika laini, na unarudi kwenye njia ya kwanza bila maumivu ya ruta mbili.

Unapangisha chumba kwa siku: VLAN kama una mtu wa kuitunza, laini tofauti kama huna. Hapa ukuta kati ya mgeni na mgeni si jambo la hiari, maana wapangaji wa wiki hii hawajui wa wiki ijayo ni nani. Badilisha nenosiri kila wanapopishana.

Unafanya kazi nyumbani na mafaili ya wateja: VLAN, ukitenga kompyuta ya kazi hata na vifaa vya familia. Mwajiri anaweza kuwa na masharti yake. Yasome kabla ya kununua swichi.

Unawawekea wazazi wazee wanaoishi mbali nawe: njia ya kwanza, na karatasi ya QR iliyochapishwa kwa herufi kubwa. Usiwaachie kitu ambacho wewe pekee unaweza kukirekebisha.

Sherehe ya siku moja, watu hamsini: hotspoti ya simu haitawamudu, na ruta ndogo nayo itazidiwa. Tumia mtandao wa wageni wa ruta kuu, uwawekee kikomo cha kasi, kisha uuzime kesho yake asubuhi.

Na kama mgeni anataka kuchapisha tiketi tu, mwambie akutumie faili.